Mali bila Daftari: Tovuti za Uraibu, Riziki ya Waandishi na Hatima ya Matini za Kiswahili



1.0 Utangulizi

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Walikuwa wakimwonya mwenye duka asiyeandika kilichoingia na kilichotoka. Methali hiyo inafaa vilevile kwa mali ya aina nyingine, ambayo wasemaji wa Kiswahili wameilimbikiza tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 21. Mali hiyo ni maandishi waliyoyaweka katika tovuti na blogu zao wenyewe, bila kuagizwa na mwajiri wala mchapishaji. Mtu alipenda kupika, akaandika mapishi. Mwingine alipenda mpira, akaandika uchambuzi wa mechi za Simba na Yanga. Wa tatu alipenda kupiga picha, wa nne kukusanya misemo ya kanga, wa tano kufuga kuku. Kila mmoja aliandika kwa Kiswahili chake, na kwa pamoja waliacha hazina ambayo lugha hii haikuwa nayo kabla: maandishi mengi ya watu wa kawaida kuhusu mambo ya kawaida, yasiyopitiwa na mkono wa mhariri.

Mhadhara huu unahusu upande mmoja wa hazina hiyo ambao wanaisimu hawajauzoea, yaani upande wa fedha. Hoja inayojengwa ni kwamba swali la nani analipwa, na kwa njia gani, haliwahusu wachumi peke yao. Ni swali la taaluma za Kiswahili, kwa kuwa fedha inachangia kuamua lugha itakayotumika, namna kichwa cha habari kitakavyotungwa, na iwapo maandishi yatadumu au yatafutika.

Ni vyema kwanza kulitazama neno lenyewe. Katika matumizi ya zamani, hasa ya pwani, uraibu ni kile kinachotafunwa, kuvutwa au kunywewa kwa mazoea: tambuu, tumbaku, kahawa. Katika shule za Kenya neno hilohilo limepanuliwa likawa na maana ya shughuli ambayo mtu huifanya kwa kuipenda wakati wa mapumziko, kama vile kusoma au kuogelea. Nchini Tanzania leo husikika zaidi pale wanapotajwa waraibu wa dawa za kulevya. Maana hizi tatu zina kiini kimoja: mraibu ni mtu anayerudia jambo pasipo kulazimishwa, na mara nyingi analigharimia yeye mwenyewe. Maana ya pili ndiyo itakayotumika hapa, lakini kiini hicho kisisahauliwe. Mwenye tovuti ya uraibu huanza kwa kutoa fedha mfukoni, na swali la kipato humjia baadaye.

2.0 Chimbuko na istilahi

Neno la Kiingereza weblog lilibuniwa na Mmarekani Jorn Barger mwaka 1997, na mwaka 1999 Peter Merholz alilikata kwa mzaha likabaki blog. Mwaka huohuo wa 1999 kampuni ya Pyra Labs ilianzisha huduma ya Blogger, ambayo ilinunuliwa na Google mwaka 2003. Programu ya WordPress nayo ilitolewa mwaka 2003. Kwa huduma hizi mtu asiyejua lolote kuhusu uandishi wa programu aliweza kuwa na ukurasa wake kwa muda wa nusu saa, tena bila malipo.

Kiswahili kilikuwa kimeshaingia katika intaneti kabla ya hapo. Mwaka 1994 Martin Benjamin, wakati huo akiwa mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Yale, alianzisha mradi wa kamusi ya Kiswahili na Kiingereza katika mtandao, uliojulikana kama Kamusi Project. Lakini sauti ya mtu mmoja mmoja ilianza kusikika kwa nguvu katikati ya muongo wa 2000. Ndesanjo Macha alifungua blogu yake ya Jikomboe, ambayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa ya kwanza ya Kiswahili. Mwaka 2005 mpigapicha Muhidin Issa Michuzi alianzisha blogu ambayo ikawa mahali pa kukutania Watanzania wa nyumbani na wa ughaibuni, kwa picha za misiba, harusi, ziara za viongozi na salamu za watu waliopoteana.

Kwa mwanafunzi wa istilahi, miaka hiyo ni darasa. Blog ilipokelewa kwa sura zaidi ya moja. Blogu ilishinda, ikaingia katika ngeli ya I-ZI. Blogi ilitumiwa na wachache. Gazeti tando lilikuwa jaribio la kutumia vijenzi vya Kiswahili chenyewe, likavutia lakini halikuenea. Michuzi alikiita chake Globu ya Jamii, akibadili mpangilio wa sauti kwa utani. Wasomaji wake walimwita Ankal, naye akawaita wadau. Kutokana na blogu likapatikana jina mwanablogu, kwa kufuata kielelezo cha mwanahabari na mwanamuziki, na kitenzi kublogu. Kazi yenyewe ikaitwa libeneke, na aliyeendelea kuandika alisemekana kuliendeleza libeneke. Hakuna kamati iliyokaa kupitisha maneno hayo. Yalizaliwa kutokana na uraibu, na yaliyofaa yakabaki.

Tofauti kati ya mwanablogu na mwanahabari inastahili kuangaliwa kwa makini. Kiambishi mwana- humweka mtu katika jamii ya wenye kazi moja. Aliyeitwa mwanablogu alikuwa tayari amehesabiwa kuwa na taaluma, ingawa huenda hakuwa amepata hata senti moja. Lugha ilimpa cheo kabla soko halijampa riziki.

3.0 Njia za kipato

Njia zinazotumiwa na wenye tovuti kupata fedha zinaweza kupangwa katika makundi manne.

Njia ya kwanza ni matangazo yanayoletwa na mtandao wa matangazo. Unaojulikana zaidi ni AdSense wa Google, ulioanzishwa mwaka 2003. Mwenye tovuti huweka msimbo mfupi katika kurasa zake, kisha mashine huchagua matangazo ya kuonyesha. Watangazaji hushindana kwa mnada, na bei hutegemea mada ya ukurasa, nchi aliko msomaji na lugha. Mwaka 2010 Google ilitangaza hadharani kwamba wakati huo mwenye tovuti alikuwa akipata asilimia 68 ya mapato ya matangazo ya aina hiyo. Kwa miaka mingi hesabu ilitegemea sana kubofywa kwa tangazo. Tangu mwaka 2024 malipo huhesabiwa kwa tangazo kuonekana. Malipo hayatoki mpaka salio lifikie dola 100 za Marekani.

Njia ya pili ni matangazo ya makubaliano ya ana kwa ana. Mwenye ukumbi wa harusi, fundi wa mapambo, chuo binafsi au kampuni ya simu humlipa mwenye blogu moja kwa moja kwa wiki au kwa mwezi. Njia ya tatu ni kamisheni: mwandishi hutaja bidhaa, akaweka kiungo, na msomaji akinunua, mwandishi hupata fungu lake. Amazon ilianza mpango wa namna hiyo mwaka 1996. Njia ya nne ni kuuza kitu cha mwenye tovuti mwenyewe: kitabu, mafunzo, vifaranga, keki, au huduma ya kupiga picha.

Ili uzito wa njia ya kwanza ueleweke, na uchukuliwe mfano wa kubuni. Tovuti ya mapishi ina wasomaji wengi wa Tanga, Morogoro na Mombasa, na kurasa zake hufunguliwa mara 500 kwa siku. Ikichukuliwa kwamba kila kurasa 1,000 zinazofunguliwa humwingizia mwenye tovuti nusu dola, dola 100 zitahitaji kurasa 200,000. Kwa kurasa 500 kwa siku, hizo ni siku 400. Mwandishi atasubiri mwaka mmoja na zaidi ya mwezi kabla ya kupokea malipo ya kwanza. Katika muda huo atakuwa ameshalipia anwani ya tovuti, nafasi katika seva, vifurushi vya intaneti, na viungo vya kila chakula alichokipiga picha.

Hapa ndipo methali nyingine inapopata mtihani. Husemwa kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko la matangazo ya mnada, chema cha Kiswahili hakijiuzi. Mapishi yaleyale ya pilau, yakiandikwa kwa Kiingereza na kusomwa na watu wa London au Toronto, huweza kuleta mapato makubwa zaidi kuliko yakiandikwa kwa Kiswahili na kusomwa Dodoma, kwa sababu mtangazaji hununua uwezo wa msomaji wa kutumia fedha. Ubora wa maandishi haumo katika mizani hiyo.

Kwa hiyo haishangazi kwamba waliofanikiwa kwa Kiswahili walitegemea zaidi njia ya pili na ya nne, ambazo msingi wake ni kuaminiwa na watu wa karibu. Haishangazi pia kwamba baadhi ya majina makubwa, kama Millard Ayo na Shaffih Dauda nchini Tanzania, yalikuwa yamekwisha kujulikana kupitia redio. Tovuti iligeuza jina kuwa kipato. Mara chache iliumba jina hilo tangu mwanzo. Huduma ya M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, iliondoa kikwazo kingine. Mwenye blogu aliweka namba ya simu chini ya ukurasa, na mteja wa Singida akalipia kitabu bila kuwa na akaunti ya benki.

4.0 Sarufi ya Kiswahili mbele ya mashine ya matangazo

Upungufu wa kipato cha matangazo kwa Kiswahili una sababu za kiuchumi, lakini una pia sababu ya kiisimu. Mitandao ya matangazo hutoa orodha ya lugha inazozikubali. Kwa zaidi ya miaka 10 tangu AdSense ianze, Kiswahili hakikuwamo katika orodha hiyo. Kiliingizwa mwishoni mwa muongo wa 2010. Kabla ya hapo, mwenye tovuti iliyoandikwa hasa kwa Kiswahili alikuwa nje ya kanuni za mtandao huo. Akitaka matangazo ilimpasa aandike kwa Kiingereza, au achanganye lugha mbili. Sera ya kibiashara iliyoandikwa mbali na Afrika ya Mashariki ikawa kwa vitendo sera ya lugha.

Kukubaliwa kwa lugha hakumalizi tatizo, kwa maana mashine inapaswa kutambua ukurasa unahusu nini. Maneno anapika, wamepika, isiyopikwa, mpishi na mapishi yanatokana na kitenzi kimoja. Msemaji huyasikia kama ndugu. Mashine inayolinganisha maneno kwa umbo la nje huyahesabu kuwa maneno matano yasiyo na udugu, na mtangazaji aliyenunua neno mapishi hatafikishwa kwenye ukurasa uliojaa vitenzi. Kiingereza, chenye mnyambuliko mdogo, hakina mzigo mkubwa kiasi hicho. Uchanganuzi wa mofolojia ambao wanafunzi huuona kuwa zoezi la mtihani ndio unaoweza kuamua kama tangazo litalingana na ukurasa.

Tatizo la maneno yenye maana zaidi ya moja ni kubwa vilevile. Katika ukurasa wa mapishi, mbuzi anaweza kuwa nyama ya mchuzi au kifaa cha kukunia nazi. Nyanya huenda kwenye sufuria, lakini ni pia mama wa mzazi. Msomaji huamua kwa muktadha na kwa upatanisho wa kisarufi: mbuzi yule amechinjwa, mbuzi ile imevunjika. Upatanisho huo ni taarifa ya thamani ambayo programu isiyojua ngeli haiwezi kuitumia. Tofauti za kimaeneo huongeza ugumu, kwa mfano pale Kenya inapoandika tarakilishi na Tanzania ikaandika kompyuta. Mwandishi anayetaka kupatikana na wasomaji wa nchi zote mbili hulazimika kutumia maneno yote mawili, hata kama mtindo wake unaumia.

5.0 Athari ya fedha kwa mtindo

Fedha ikishaingia, hata kwa kiasi kidogo, mtindo hubadilika. Badiliko la wazi zaidi ni kuenea kwa vichwa vinavyoanza na maneno jinsi ya: jinsi ya kupika, jinsi ya kufuga, jinsi ya kutunza nywele. Muundo huo hukubaliana na namna watu wanavyoandika maswali katika injini za utafutaji, na kwa hiyo huleta wasomaji. Mwandishi aliyekuwa akiita makala yake kwa methali au kwa jina la chakula cha bibi yake hujifunza kuacha. Badiliko la pili ni kichwa kinachoficha habari ili msomaji afungue ukurasa, mara nyingi kwa herufi kubwa tupu. La tatu ni kunakiliana. Habari moja hurudiwa neno kwa neno katika blogu nyingi, kwa kuwa mashine hulipa kwa ukurasa uliofunguliwa bila kuuliza nani aliuandika kwanza. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Na mgema anayelipwa kwa idadi ya vibuyu ana sababu zaidi ya kuongeza maji.

Hata hivyo si haki kusema kwamba fedha huharibu tu. Njia ya nne, ya kuuza kitu cha mwandishi mwenyewe, imekuwa na mwelekeo tofauti. Anayelipia mafunzo ya upishi hakubali kuambiwa aweke chumvi kiasi. Anataka vijiko, vikombe, gramu na dakika. Mfugaji anayenunua kijitabu cha chanjo za kuku anataka siku, kipimo na jina la ugonjwa. Mwandishi hulazimika kutafuta istilahi, kuzieleza na kuzitumia kwa uthabiti kutoka sura moja hadi nyingine. Kwa hiyo Kiswahili cha maelekezo, ambacho kwa muda mrefu kilibaki mikononi mwa vijitabu vya idara za serikali na lebo za bidhaa, kimepata waandishi wapya wenye sababu ya kukinoa.

Tofauti kati ya athari hizi mbili ina maana kubwa kwa hoja ya mhadhara huu. Pale ambapo anayelipa ni mtangazaji, lugha hulengwa kwenye kubofywa. Pale ambapo anayelipa ni msomaji, lugha hulengwa kwenye kueleweka. Chanzo cha fedha huacha alama yake katika sentensi, na mchambuzi wa mitindo anayepuuza chanzo hicho atazieleza alama hizo kwa sababu zisizo zake.

6.0 Gharama ya ruhusa

Uhusiano wa uraibu na fedha ulibadilika nchini Tanzania mwaka 2018, zilipotangazwa kanuni za maudhui ya mtandaoni chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta. Blogu ziliwekwa miongoni mwa huduma zilizohitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Ada ya maombi ilikuwa shilingi 100,000, ada ya awali ya leseni shilingi 1,000,000 na ada ya mwaka shilingi 1,000,000. Aliyekiuka kanuni alikabiliwa na faini isiyopungua shilingi 5,000,000, kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Mwezi Juni mwaka huo wasiosajiliwa waliamriwa kusitisha huduma, na baadhi ya wenye blogu waliziacha.

Serikali ilieleza nia ya kudhibiti uchochezi, uongo na picha chafu. Watetezi wa haki walizipinga kanuni hizo kwa sababu ya uhuru wa kujieleza. Mjadala huo unajulikana. Lililozungumzwa kidogo ni hesabu ya mtu mwenye uraibu. Jumla ya shilingi 2,100,000 ilikuwa wakati ule zaidi ya dola 900. Kwa mfano wa tovuti ya mapishi uliotolewa juu, kiasi hicho kingehitaji kurasa zaidi ya 1,800,000, yaani karibu miaka 10 ya kazi ili kulipia mwaka wa kwanza wa ruhusa. Kampuni ya habari iliweza kuimudu ada hiyo. Mwanamke anayeandika mapishi ya visheti usiku baada ya watoto kulala hakuweza. Kanuni mpya zilitolewa mwaka 2020, na marekebisho ya mwaka 2022 yakapunguza aina za maudhui zinazohitaji leseni, yakijikita zaidi katika habari na matukio. Lakini mwandishi aliyeacha mwaka 2018 hakurudi kwa sababu tu kanuni imerekebishwa. Anwani yake ilikuwa imeshakwisha muda, na mazoea yake yamevunjika.

Nchini Kenya serikali ilifuata njia nyingine, ya kodi. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa malipo ya maudhui ya kidijitali yanayolipwa kwa mkazi wa nchi. Kodi huchukua sehemu ya kilichopatikana. Leseni hudai kabla ya kupatikana kitu. Kwa anayeanza kwa mapenzi tu, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama ataanza.

7.0 Matini zinazopotea

Maandishi ya tovuti hayafi kama kitabu. Kitabu kikikosa soko hubaki katika rafu ya mtu fulani. Tovuti hudumu kwa malipo ya kila mwaka. Mwenyewe akiugua, akifariki, au akichoka, ada ya anwani haitalipwa. Baada ya muda wa huruma anwani huachwa wazi, na mtu mwingine huweza kuinunua. Mara nyingine jina lililokuwa la mapishi au mashairi hugeuka mlango wa michezo ya kamari.

Hapa kuna kinaya kinachopaswa kuwashughulisha wanataaluma. Aliyebaki katika huduma ya bure ya Blogger, bila tamaa ya kipato, huenda maandishi yake bado yanasomeka hata kama hajaandika kwa miaka 10. Aliyejitutumua, akanunua anwani yake na nafasi katika seva ili apate heshima na matangazo, ndiye aliye katika hatari ya kufutika kabisa. Juhudi ya kugeuza uraibu kuwa riziki, isipofanikiwa, huweza kuyaangamiza yaleyale maandishi yaliyoianzisha. Wala huduma ya bure si amana ya milele. Mwezi Oktoba 2009 kampuni ya Yahoo ilifunga GeoCities, huduma iliyokuwa imehifadhi tovuti nyingi za uraibu za muongo wa 1990, na kilichookolewa kiliokolewa na watu wa kujitolea. Shirika la Internet Archive, lililoanzishwa mwaka 1996, huhifadhi nakala za kurasa za dunia, na tangu mwaka 2001 umma umeweza kuzitazama. Hata hivyo, nakala hizo huwa na mapengo: ukurasa wa mbele huweza kuwapo, na picha na makala za ndani zikakosekana.

Hasara ya kisayansi ni bayana. Mkusanyo mkubwa wa matini unaotumiwa na watafiti wengi, Helsinki Corpus of Swahili, una katika toleo lake la pili maneno yapatayo milioni 25. Sehemu kubwa inatokana na magazeti, mijadala ya Bunge na vitabu. Hizo ni matini za watu waliolipwa kuandika na waliokuwa na wahariri. Mtafiti anayetaka kujua jinsi mama wa Tanga anavyoeleza hatua za kupika boko-boko, au fundi wa Kariakoo anavyoeleza ubovu wa simu, hatapata mengi humo. Angelipata katika tovuti za uraibu, kama zingalikuwapo. Na siku hizi, ambapo programu za lugha hufunzwa kwa maandishi yanayookotwa mtandaoni, kinachokosekana mtandaoni kinakosekana pia katika Kiswahili kitakachozungumzwa na mashine hizo.

8.0 Hitimisho na mapendekezo

Kutokana na yaliyoelezwa, mambo manne yanapendekezwa.

Kwanza, idara za Kiswahili zichukue jukumu la ukusanyaji. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili anaweza kukabidhiwa tovuti 20 za uwanja mmoja, akaomba idhini ya wenyewe, akahifadhi nakala na kuzipa maelezo ya tarehe, mahali na mada. Idhini isiachwe, maandishi ya bure kusomwa yana mwenyewe, na jina lake lina haki ya kutajwa au kufichwa kwa matakwa yake.

Pili, maktaba zipanue desturi ya amana. Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania hupokea nakala za vitabu vinavyochapishwa nchini. Tovuti iliyojaa makala 800 za ufugaji kwa Kiswahili ina thamani isiyopungua ya kitabu cha kurasa 100 kuhusu jambo hilohilo.

Tatu, mafunzo ya uandishi vyuoni yaguse riziki. Mhitimu anayetaka kuandika kwa Kiswahili aelezwe mapema kwamba matangazo ya mnada humpa kidogo, na kwamba njia ya kumwuzia msomaji kitu chenye manufaa ina matumaini zaidi. Aelezwe pia atunze nakala ya kila alichoandika nje ya mtandao, alipie anwani yake kwa miaka kadhaa kwa pamoja akiweza, na amkabidhi mtu mmoja wa familia au rafiki funguo za tovuti yake.

Nne, wanaisimu wafanye kazi na waandishi wa programu. Uchanganuzi bora wa mofolojia ya Kiswahili utasaidia utafutaji, utalinganisha matangazo na kurasa kwa usahihi zaidi, na kwa njia hiyo utaongeza thamani ya ukurasa wa Kiswahili sokoni. Ni nadra kwa nadharia ya ngeli kupata nafasi ya kumwongezea mpishi wa Tanga kipato.

Mambo haya hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji daftari, na mtu wa kuliandika. Kila mwezi unaopita bila daftari hilo, ada fulani inakwisha muda mahali fulani, na mamia ya kurasa za Kiswahili yanaondoka bila mtu kujua kwamba yalikuwapo.